Bei ya Gunia na Herufi za Jina

Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe mtu akitaja kazi ya kuandika programu za kompyuta, wazee hutazamana. Wengine hudhani kuwa hiyo ni kazi ya Wazungu, wengine hudhani ni ya vijana waliosoma Chuo Kikuu Dar es Salaam, na wako waonao kwamba ni mchezo wa kupoteza wakati, kama michezo mingine iliyojaa katika simu. Twaona dhana zote tatu zina kasoro. Leo twapenda kuionyesha kasoro hiyo kwa mifano ya sokoni, ya shambani, na ya masanduku tunamoweka vyeti vya watoto wetu.

Kwanza twakumbusha jambo lililotokea mkoani Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019 mkoa huo ulikuwa uwanja wa mashindano yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila ya mwalimu kusimama mbele yao. Na umeme wa kuchaji ulitokana na jua. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajapata kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Ilipotimia miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 programu mbili kati ya tano zilizofika fainali, yaani onebillion na Kitkit School, zikagawana tuzo ya dola milioni 10.

Habari hiyo ni njema, nasi twaishukuru. Walakini yapasa kutazama upande wake wa pili. Lugha ilikuwa yetu, watoto walikuwa wetu, vijiji vilikuwa vyetu, lakini waliozitunga programu zilizoshinda walikuwa watu wa nchi nyingine. Watoto wale leo ni vijana. Maandishi ya programu zile tano yaliwekwa wazi ili kila atakaye ayachukue na kuyatengeneza apendavyo. Mlango haukufungwa, ila asiyejua kusoma maandishi ya programu hupita mbele yake kama apitaye mbele ya ukuta.

Basi maandishi hayo hujengwa kwa nini? Aghalabu hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo fanksheni. Fanksheni ni mfano wa mashine ya kusaga. Mama apelekaye mahindi mashineni haulizi meno ya mashine yamefungwaje. Ajua kwamba yaliyoingia mahindi yatatoka unga, na kwamba akirudi kesho na mahindi ya namna ile ile atapata unga wa namna ile ile. Fanksheni nayo huingizwa kitu, hukifanyia kazi yake, kisha hurudisha jawabu. Nayo haimjui mtu: atakayeingiza kilo 18, awe tajiri au maskini, atapata jawabu la kilo 18. Hii hapa ni fanksheni ya kwanza, katika lugha ya Python, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum:

def bei(kilo, bei_ya_kilo):
    return kilo * bei_ya_kilo

Neno def ni kusema "naanza kueleza fanksheni", na return ni "rudisha". Nyota ni alama ya kuzidisha. Mstari wa pili umesogezwa ndani makusudi, kwa maana Python hutambua kwa nafasi hiyo kwamba mstari ule ni wa ndani ya fanksheni; kijana akiusahau usogezo huo, mashine itakataa. Ukiandika bei(18, 700) jawabu ni 12600. Tena ndugu msomaji usiogope Kiingereza: maneno ya lazima ya lugha hii ni 35 tu, na majina mengine yote, kama kilo na bei_ya_kilo, ni hiari ya mwandishi. Twawasihi vijana wayaandike kwa Kiswahili, ili hata dada na kaka wa nyumbani waweze kuisoma kazi yao na kuuliza.

Wala asiseme mtu kwamba elimu hii ni ngeni kwa nyumba za Kiislamu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, yaani karne ya tisa, aliandika kitabu juu ya al-jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi na wasia, pamoja na mifano ya biashara na kupima ardhi. Hakuandika kwa ajili ya kushangaza watu. Aliwaandikia wenye haja ya kugawa mali bila kudhulumu. Jina lake lilipoandikwa kwa Kilatini likawa Algoritmi, na kutokana nalo wataalamu wa kompyuta wa dunia nzima hadi leo huita utaratibu wa hatua kwa hatua algorithimu. Kwa hiyo kijana wa Mkata au wa Mombo akiandika fanksheni ya bei, anaishika kazi ile ile ya zamani: kuiweka hesabu wazi, hatua baada ya hatua, hata mwenye haki aione haki yake.

Sasa twende sokoni. Wakulima wetu waijua lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa, likaongezwa kilemba juu, kisha likashonewa kwa kamba. Sheria ya Vipimo ya Tanzania yaikataza, na Wakala wa Vipimo husema kila mara kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hata hivyo mnunuzi aliyekuja na lori wakati wa mavuno, na mkulima mwenye ada za shule za kulipa, hawasimami mahali pamoja. Mnunuzi asema, "Nanunua kwa gunia." Neno hilo "gunia" ndipo hesabu inapofichwa. Tuseme gunia limepatanwa kwa shilingi 70,000, na kilo zilizomo si 100 bali ni 120. Kijana aandike hivi:

def mapunjo(kilo_halisi, bei_ya_gunia):
    bei_ya_kilo = bei_ya_gunia / 100
    return kilo_halisi * bei_ya_kilo - bei_ya_gunia

Mstari wa pili wauliza: kama gunia la haki ni kilo 100, kilo moja ni shilingi ngapi? Ni 700. Mstari wa tatu wazidisha kilo zilizopimwa kwa bei hiyo, kisha watoa zile fedha zilizolipwa. Ukiandika mapunjo(120, 70000) utapata 14000.0. Maana yake, katika kila gunia mkulima ameacha shilingi 14,000. Na kama ameuza magunia kumi, ameacha 140,000, ambazo kwa nyumba nyingi si fedha ya kupuuzwa.

Mtu aweza kusema kwamba hesabu hiyo yafanyika kwa kalamu, haina haja ya kompyuta. Ni kweli, nasi twamsifu aifanyaye kwa kalamu. Lakini kalamu huhesabu gunia moja la mtu mmoja. Fanksheni ikiisha kuandikwa, chama cha ushirika chaweza kuipitishia magunia ya wanachama wake wote kwa muda wa kuvuta pumzi, na kila mwanachama akaonyeshwa mistari ile mitatu, asiambiwe tu, "Kompyuta imesema." Twalisisitiza neno hili. Kompyuta haisemi kitu. Husema mtu aliyeiandikia. Hesabu ambayo mwenye mali hawezi kuonyeshwa ndiyo lumbesa ya zama hizi.

Kijana mwangalifu asiiache fanksheni hapo, bali aijaribu kwa namba nyingine. Akiingiza mapunjo(100, 70000) jawabu ni 0.0, na hivyo ndivyo ipasavyo kuwa, kwani gunia la kilo 100 halina mapunjo. Akiingiza mapunjo(90, 70000) jawabu ni -7000.0. Hiyo alama ya kutoa ni nini? Ni kwamba sasa aliyepunjwa ni mnunuzi. Fanksheni yetu, ingawa tuliiandika tukimhurumia mkulima, haikumpendelea. Nasi twajua kwamba Sura al-Mutaffifin yawataja wale wajipimiao kamili wanapopokea, kisha wapunguzao wanapowapimia wengine. Yaani lawama ni ya kipimo chenye nyuso mbili. Mistari mitatu ya Python haina uwezo wa kuwa na nyuso mbili, mradi mwandishi wake hakuziweka.

Msomaji ameona kwamba majawabu yametoka yakiwa na nukta na sifuri. Sababu ni alama ile moja ya kugawanya, /, ambayo daima huleta namba ya desimali. Ziko alama mbili pamoja, //, ambazo hugawanya na kutupa kilichobaki. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Korogwe walikijua kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulihesabiwa kwa kadi iliyotimia. Katika Python 30 // 30 ni 1, lakini 29 // 30 ni 0. Siku 29 za jua na miiba, katika hesabu ya namna hiyo, ni sifuri! Mashine haikukosea, imetii alama. Ila anayechagua alama ajue amechagua nini.

Kadhalika bulati ya bei. Sarafu ndogo katika matumizi yetu ni ya shilingi 50, kwa hiyo bei ya 2,930 haiwezi kulipwa taslimu. Mwenye duka atafanya nini? Akipandisha kila mara hadi hamsini ya juu, atakuwa amechukua kidogo kidogo kwa kila mteja, na hakuna mteja mmoja atakayegundua. Njia ya insafu ni kwenda kwenye hamsini iliyo karibu:

def bulati(bei):
    return (bei + 25) // 50 * 50

Kwa hiyo bulati(2930) ni 2950, na bulati(2920) ni 2900. Leo hupata mwenye duka, kesho hupata mteja. Tena fedha ziwekwe daima kwa shilingi nzima. Kompyuta huhesabu kwa mbili mbili, na desimali nyingi haziandikiki kamili kwa hesabu hiyo, kama vile theluthi isivyoandikika kamili kwa kumi kumi. Anayebisha aiulize Python 0.1 + 0.2, naye atajibiwa 0.30000000000000004. Tone hilo ni dogo, ila daftari la mwaka mzima lina matone mengi.

Jambo moja zaidi juu ya bei, nalo ni fupi. Mwezi Julai 2021 Serikali iliweka tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa kadiri ya fedha zilizotumwa. Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Mwenye kuandika kiwango kile ndani ya mistari hamsini ya programu yake alilazimika kuitafuta yote hamsini. Aliyekiweka ndani ya fanksheni moja alibadili mahali pamoja akalala.

Sasa tuache namba, tuje kwenye maneno. Maneno katika kompyuta huitwa stringi, na maana yake ni kitu kilichotungwa uzini. Mfano wake ulio karibu ni tasbihi: kila herufi ni chembe, na uzi ndio uzishikao chembe kwa mpangilio wake. Nafasi baina ya maneno nayo ni chembe, ingawa haionekani. Neno lolote likizungukwa na alama za kunukuu ni stringi: "Korogwe" ina chembe saba, na len("Korogwe") hurudisha 7. Ila Python haianzi kuhesabu chembe kwa moja, huanza kwa sifuri. Chembe ya sifuri ni K, ya kwanza ni o. Vijana wengi huteleza hapa siku za mwanzo. Na neno sifuri lenyewe, mnajua, latokana na Kiarabu sifr, yaani kitu kitupu, ambalo Wazungu nao walilichukua.

Vitabu vya kufundishia huwapa wanafunzi zoezi la kugeuza neno nyuma mbele, au kutafuta maneno yasomekayo sawa kwa pande zote mbili, kama ini, ama, na ipi. Zoezi hilo lafurahisha watoto, nasi hatulikatazi, lakini hatujaona nyumba iliyopata haja ya kuligeuza neno Handeni liwe inednaH. Yako mazoezi ya stringi yenye haja kubwa zaidi, nayo yamo ndani ya vyeti vyetu.

Chukueni jina la kijana mmoja, tuseme Mohamedi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, kwa kuwa ndivyo mama alivyotamka na karani akaandika. Cheti cha kidato cha nne kimeandikwa MOHAMED. Mahali pa tatu kumeandikwa Mohamed, na mwishoni mwake pameachwa nafasi isiyoonekana. Kwa macho ya jirani huyu ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu, kwani stringi mbili ni sawa tu zinapolingana chembe kwa chembe. Matokeo yake kijana hurudishwa dirishani, akaambiwa alete kiapo cha wakili, akalipa nauli mara mbili, na nafasi aliyoiomba ikapita. Twaona wengi wa wenye majina yetu husumbuka kwa jambo hili, kwa sababu majina yatokayo Kiarabuni huandikwa kwa njia nyingi.

Dawa ya kwanza ni kuondoa nafasi zilizozidi na kusawazisha herufi kubwa na ndogo:

def safisha_jina(jina):
    safi = []
    for sehemu in jina.split():
        safi.append(sehemu.capitalize())
    return " ".join(safi)

Amri split hulikata jina penye nafasi, hata zikiwa tatu pamoja. Capitalize huifanya herufi ya mwanzo kuwa kubwa na nyingine kuwa ndogo. Join huziunga sehemu tena kwa nafasi moja moja. Ukiingiza "  asha   BINTI juma " utapata "Asha Binti Juma".

Iko amri nyingine, title, ambayo yaonekana kufanya kazi ile ile kwa mstari mmoja, na wanafunzi huipenda kwa ufupi wake. Mjaribu kwa jina la Mang'enya, jina la aliyekuwa Spika wa Bunge letu kuanzia mwaka 1973 hadi 1975. Title itawarudishia Mang'Enya! Sababu yake ni kwamba title haijui ng' ya lugha yetu. Hudhani kwamba baada ya kikato kile neno jipya limeanza. Walioitunga hawakukusudia ubaya. Lakini mtu aliyekulia mahali ambapo ng'ombe huitwa ng'ombe ataligundua kosa hilo upesi. Huo ndio mfano mmoja wa sababu tupendayo programu za watu wetu ziandikwe pia na watu wetu.

Dawa ya pili ni ya ile irabu ya mwisho. Kiswahili hupenda neno liishe kwa irabu, ndiyo maana Ramadhan amekuwa Ramadhani na Salim amekuwa Salimu. Kijana aweza kufikiri hivi: nitaiondoa irabu ya mwisho katika majina yote mawili, kisha nitayalinganisha.

def shina(jina):
    if jina[-1] in "aeiou":
        return jina[:-1]
    return jina

Hapo jina[-1] ni chembe ya mwisho, na jina[:-1] ni chembe zote isipokuwa hiyo. Shina la Mohamedi ni Mohamed, na shina la Mohamed ni Mohamed, wamelingana. Je, tufurahi? Bado. Jaribuni Salimu na Salima. Wote wawili shina lao ni Salim. Fanksheni yetu imemfanya dada kuwa kaka yake, na kama orodha ile ilikuwa ya warithi, mmoja wao ameshapotea. Basi badilini "aeiou" iwe "iu", kwa kuwa irabu ziongezwazo mwishoni mwa majina ya namna hii mara nyingi ni i au u. Sasa Salimu anabaki na shina Salim, na Salima anabaki Salima. Ila Salim na Salum je? Pengine ni mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili, pengine ni ndugu wawili wa nyumba moja. Hapo fanksheni isiamue. Irudishe neno "aulizwe mtu", na aulizwe kweli. Tena mtu asipoingiza jina lolote, chembe ya mwisho haipo, na programu itasimama kwa kosa. Kwa hiyo kabla ya yote ulizeni kama jina ni tupu.

Namba nyingine nazo si namba, ni stringi zilizovaa kanzu ya namba. Hakuna mtu ajumlishaye namba mbili za simu. Namba ya simu ikiwekwa kama hesabu, ile sifuri ya mwanzo ya 07 hutupwa, na simu haipigiki tena. Namba ya Kitambulisho cha Taifa nayo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ikishikwa kama stringi, namba[0:4] hutoa mwaka, na namba[4:6] hutoa mwezi. Kwa tarakimu 20080314 utapata "2008", kisha "03".

Twasema haya yote ya kujaribu na kujaribu tena kwa sababu nchi yetu iliwahi kulipa gharama ya hesabu isiyokaa sawa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mipango ya kuendesha hesabu za Hazina kwa mashine hizo haikufaulu ilivyotarajiwa, hasara ikapatikana, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ilipokuja kulegezwa, miaka mingi ilikuwa imepita ambayo vijana wa nchi nyingine walikuwa wakijifunza. Hatuwalaumu waliopiga marufuku, kwani mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini laiti wangekuwapo wenyeji wengi wa kuzisoma programu zile mstari kwa mstari, pengine kosa lingeonekana mapema.

Wazazi watauliza vifaa. Kijana aanze kwa daftari, aandike fanksheni kwa kalamu na kuifuata mwenyewe kwa kidole, namba kwa namba. Mazoezi hayo yana faida hata kwa mwenye mashine. Kisha simu ya mzazi yatosha, kwani ziko programu za bure za kuendeshea Python katika simu. Mabinti wasiachwe nyuma. Nyumbani kwingi binti ndiye ashikaye daftari la mkopo wa duka, naye ajua zaidi ya kaka zake bei inavyobadilika kati ya Jumatatu na siku ya gulio.

Uko mtego mmoja ambapo bei na stringi hukutana, nao huwanasa karibu wanafunzi wote. Amri input, ambayo humwomba mtu aandike kitu, daima hurudisha stringi. Mtu akiandika 700, Python imepokea chembe tatu, 7 na 0 na 0, si shilingi mia saba. Ukizidisha chembe hizo kwa 3, Python haikatai. Hurudia uzi mara tatu, ikakupa "700700700". Kilo tatu za mahindi zimefika shilingi milioni mia saba! Dawa yake ni int, igeuzayo stringi kuwa namba nzima. Na str hufanya kinyume chake, hugeuza namba kuwa stringi ili iungwe na maneno.

Basi hili ndilo zoezi la mwezi huu, linalounga yote tuliyoyasema. Ni stakabadhi ya kumpa mkulima mkononi:

def stakabadhi(jina, kilo, bei_ya_kilo):
    jumla = kilo * bei_ya_kilo
    return safisha_jina(jina) + ": kilo " + str(kilo) + ", shilingi " + str(jumla)

Ukiingiza stakabadhi("asha   JUMA", 120, 700) utapata "Asha Juma: kilo 120, shilingi 84000". Kasoro yake ni kwamba 84000 haina mkato wa kutenga elfu, na namba ndefu bila mkato humchanganya msomaji asiyeizoea. Kazi ya kijana ni kuandika fanksheni ya tatu, aiite weka_mkato, ipokee namba nzima na kurudisha stringi yenye mikato mahali pake, kisha aitumie badala ya str(jumla). Ajue imefaulu ikiwa 84000 yarudi "84,000", na 1000000 yarudi "1,000,000", na 950 yarudi kama ilivyokwenda, bila mkato wowote.